Umefika Kitabu cha Ngapi?

Muulize msomaji yeyote wa riwaya za Kiswahili kama anamjua Bwana Msa. Atakuambia anamjua tangu shuleni, na kiko chake atakitaja. Muulize amesoma vitabu vyake vingapi. Hapo ataanza kuhesabu kwa vidole, na wengi husita wakifika cha pili. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alimwandikia mpelelezi huyo riwaya saba. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapwa mwaka 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na mwisho Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984. Aliyesoma cha kwanza peke yake amemwona Bwana Msa kama mgeni aliyepita barazani. Hajamzoea kiasi cha kutamani kujua kosa lake ni lipi, na huo ndio utamu wa kitabu cha saba.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza mifululizo mingi na kumaliza michache. Nauandika kwa sababu naamini kumaliza kunafundishika. Anayefika kitabu cha mwisho hana saa nyingi kuliko zako. Kinachomsaidia ni kwamba alijua mapema ameshika mfululizo wa aina gani, na akajipanga kwa aina hiyo.

Kwanza tukubaliane jambo moja kuhusu tulivyolelewa. Shuleni wengi wetu tulisoma riwaya moja kwa mwaka mzima, tena kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, mbinu za kisanaa. Tulipomaliza karatasi ya fasihi tuliagana na wahusika wale moja kwa moja. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mwandishi yule ana kitabu kingine ambamo mtu yuleyule anaendelea kuishi. Matokeo yake, msomaji mtu mzima akifunga kitabu huona kazi imekwisha, hata kama hadithi ndiyo kwanza imeanza. Tabia hiyo inabadilika, ila uibadilishe kwa makusudi.

Jua umeshika nini

Mifululizo iko ya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni ya mhusika mmoja na mikasa mingi. Bwana Msa ni wa namna hii. Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba ni wa namna hii: jasusi wa Kitanzania aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, akaendelea na Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye yumo humu, katika Salamu Toka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena, Tutarudi na Roho Zetu? na vingine. Ughaibuni wapo Sherlock Holmes, mwenye riwaya nne na hadithi fupi 56, na Hercule Poirot wa Agatha Christie. Katika namna hii kila kitabu kina mwanzo wake na mwisho wake. Muuaji akishajulikana umelipwa, na hakuna deni.

Namna ya pili ni hadithi moja iliyokatwa vipande kwa kuwa haikuenea katika jalada moja. Humu kitabu cha kwanza kikiisha, hadithi haijaisha. Ukiacha hapo umeacha katikati, hata kama neno "mwisho" limeandikwa kwenye ukurasa.

Utazitofautishaje ukiwa umesimama mbele ya muuza vitabu, huna muda wa kusoma lolote? Chukua kitabu cha pili au cha tatu, usome kurasa chache za mwanzo. Kama mwandishi anamtambulisha mhusika upya, anakueleza tena anaishi wapi, msaidizi wake ni nani, ana mazoea gani, basi huo ni mfululizo wa mhusika na unaweza kuingilia popote. Abdulla hamwachi msomaji mpya gizani. Najum, msaidizi wake Bwana Msa, yupo kukuonyesha bwana huyo ni mtu wa namna gani. Lakini kama ukurasa wa kwanza unaongea na wewe kana kwamba ulikuwepo jana, na majina yanakuja bila maelezo, rudisha kitabu chini uulize cha kwanza kiko wapi.

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengine yote. Mfululizo wa mhusika uusome kwa raha, uuache ukichoka, uurudie baada ya miaka. Hadithi iliyokatwa vipande uianze ukiwa umekusudia kuimaliza, na uijengee nafasi.

Kuhusu mpangilio, ushauri wangu ni mmoja: fuata mwaka wa kuchapwa. Vitabu vya Narnia vya C. S. Lewis vilianza kutoka mwaka 1950, na kile kinachoeleza asili ya nchi ile kilitoka mwaka 1955. Matoleo ya baadaye yamekipa namba moja, eti kwa kuwa matukio yake yanatangulia. Mtoto anayeanza nacho hupewa majibu kabla hajawa na maswali. Mwandishi alijua msomaji wake ameshapita wapi alipokaa kuandika kila kitabu, na maarifa hayo yamo ndani ya sentensi zake. Kwa Willy Gamba kufuata miaka kuna faida ya ziada. Musiba alianza kuandika wakati Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, na vita vya kusini mwa Afrika vimo katika riwaya zake. Ukivisoma vitabu kwa mpangilio unaona bara likibadilika nyuma ya risasi.

Hata katika mfululizo wa mhusika, kitabu kimoja kina haki ya kusubiri, nacho ni cha mwisho. Agatha Christie aliandika Curtain wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakifungia, kikatoka mwaka 1975, miezi michache kabla ya kifo chake. Ndicho kinachomaliza habari za Poirot. Ukianza nacho utaelewa kila kitu, na hakitakuuma popote.

Kitafute cha pili kabla hujamaliza cha kwanza

Kwetu kikwazo kikubwa ni upatikanaji, kuliko uvivu unaosemwa kila siku. Riwaya nyingi za Kiswahili zilichapwa mara moja au mbili, zikaisha, na hazikurudi tena sokoni. Unapata Njama kwa muuza vitabu wa chini, Hofu huioni miaka mitatu. Kwa hiyo jiwekee kanuni hii: usimalize kitabu kabla hujajua kinachofuata utakipata wapi. Kwa hadithi iliyokatwa vipande, kanuni iwe kali zaidi: usianze mpaka uwe navyo vyote, au umwone kwa macho yako mtu aliye navyo na amekubali kukuazima.

Anza msako nyumbani. Watu waliosoma miaka ya 1970 na 1980 walinunua vitabu hivi vikiwa vipya, na vingi bado vimo kwenye masanduku yao. Mwulize baba mdogo, shangazi, mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu. Ukimwendea mzee kwa heshima ukamtajia Willy Gamba, mara nyingi utapata kitabu na maongezi juu yake. Kisha nenda kwa wauza vitabu vilivyotumika, pembezoni mwa barabara za Posta, Dar es Salaam, au katikati ya jiji la Nairobi. Mwachie muuzaji orodha yenye majina kamili na namba yako ya simu. Muuzaji mzuri anakumbuka wateja wenye orodha, maana wana uhakika wa kununua.

Kabla hujatoa pesa, kikague kitabu. Hapa naomba uwe makini, kwa sababu riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho haina thamani yoyote. Fungua ukurasa wa mwisho kwanza, bila kusoma, uone kama sentensi imefika kituo na kama jalada la nyuma limeshikana nao. Kisha kamata mgongo wa kitabu, ukiinamishe polepole kushoto na kulia. Gundi ya zamani hukauka na kupasuka, na karatasi za mbele na za nyuma ndizo za kwanza kudondoka. Halafu pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa. Vitabu hukunjwa na kushonwa kwa mafungu, aghalabu ya kurasa 16 au 32, hivyo fungu likikosekana hukosekana lote: unatoka ukurasa wa 64 unaingia wa 81. Mwisho tazama ukurasa wa haki za uchapishaji, usome mwaka na toleo. Majalada hubadilika kila toleo, na kuna watu wamenunua kitabu kilekile mara mbili wakidhani ni mkasa mpya.

Usisahau maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni ya kila mtu, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya vitabu vya Afrika Mashariki. Kitabu kilichoisha sokoni unaweza kukisoma palepale mezani kwa siku mbili tatu. Wengine hukimbilia nakala zinazosambazwa kwenye simu bila ruhusa. Sizipendekezi: mwandishi au warithi wake hawapati kitu, na mchapishaji anayehesabu mauzo anaona hakuna anayekitaka kitabu kile, hivyo hakichapi tena.

Na vitabu vyako mwenyewe viwekee utaratibu. Azimisha kimoja kimoja. Mtu akisema, "Nipe vyote nivimalize kwa mkupuo," mpe cha kwanza, mwambie aje kuchukua cha pili akikirudisha. Hilo halina uchoyo ndani yake. Vitabu vya katikati ndivyo vinavyopotea zaidi, na mfululizo uliotobolewa katikati hauwezi kumfaa mtu mwingine yeyote.

Mfululizo usiokwisha

Msomaji ana haki ya kuogopa kuanza hadithi ambayo mwandishi wake hajaimaliza. George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha A Song of Ice and Fire mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011. Cha sita wasomaji wanakisubiri mpaka leo. Robert Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990 na akafariki mwaka 2007 kabla hajafika mwisho. Brandon Sanderson ndiye aliyemalizia kwa kutumia maandishi aliyoyaacha marehemu, na kitabu cha 14 kikatoka mwaka 2013.

Hata hivyo siwezi kukuambia usubiri hadi kila kitu kikamilike. Tazama Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe. Nervous Conditions ilitoka mwaka 1988, The Book of Not mwaka 2006, This Mournable Body mwaka 2018. Msichana aliyeisoma ya kwanza akiwa kidato cha tatu, akiwa na umri wa mhusika mkuu Tambudzai, aliifikia ya tatu akiwa mama wa watoto wakubwa, na Tambudzai naye akiwa mtu mzima aliyechoshwa na maisha. Hakuna namna ya kulinunua jambo hilo kwa kusoma vyote wiki moja. Kungoja kuna faida yake, mradi uwe na njia ya kukumbuka ulipoishia.

Daftari

Nunua daftari la kawaida, lile la wanafunzi, liwe la vitabu tu. Usiandike uchambuzi. Usiandike muhtasari mrefu, utachoka na utaliacha. Kila ukifunga kitabu, kabla hujalala, andika mambo matatu: nani yuko wapi na anaitwaje sasa, nani anajua siri gani, na swali gani halijajibiwa. Basi.

Nikupe mfano wa kitabu ambacho wengi mmekisoma, Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe iliyofanywa na Clement Ndulute mwaka 1973. Ukurasa wa daftari ungekuwa hivi:

"Nwoye, mtoto mkubwa wa Okonkwo. Alimpenda Ikemefuna kama kaka. Ikemefuna aliuawa, na Okonkwo mwenyewe alishiriki kwa panga lake. Nwoye hakumsamehe baba. Amekwenda kwa wamisionari, siku hizi anaitwa Isaac. Okonkwo amejinyonga. Swali: Nwoye aliposikia habari ya kifo cha baba, alisema nini?"

Ni mistari minne mitano. Sasa ukifika Hamkani si Shwari Tena, ambayo ni No Longer at Ease ya mwaka 1960, unakutana na kijana Obi aliyesoma Uingereza, na baba yake ni katekista mstaafu aitwaye Isaac Okonkwo. Asiye na daftari anamwona mzee mlokole tu, mkali kiasi, anayempinga mwanawe kumwoa Clara kwa sababu ni wa ukoo uliotengwa. Wewe umeangalia mstari wako, umeona jina. Huyu ni Nwoye. Na kuna usiku mmoja, karibu na mwisho wa kitabu, mzee anamsimulia Obi habari za yule kijana aliyelelewa nyumbani kwao na akauawa, na anamwambia alisema nini siku alipoletewa habari kwamba baba yake amejinyonga. Swali uliloliandika mwenyewe linajibiwa, miaka mingi baadaye katika hadithi, na jibu ni gumu kulisikia. Achebe halifafanui. Amekuachia wewe ukumbuke.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba hivi viwili visomwe kwa kufuatana bila kuweka kitu katikati. Arrow of God ya mwaka 1964, ambayo huhesabiwa kuwa ya tatu, ni ya kijiji kingine na mtu mwingine, Ezeulu, kuhani wa Umuaro. Hiyo isome hata mwaka ujao, hutapoteza kitu.

Kwenye simu, "itaendelea"

Mfululizo mkubwa kuliko yote unaosomwa kwa Kiswahili leo hauko kwenye majalada. Uko kwenye simu: simulizi za sehemu ya 1, ya 2, ya 37, zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Zimerithi magazeti. Kwa miaka mingi watu walinunua magazeti ya Ijumaa na Uwazi kwa ajili ya hadithi za Eric Shigongo kama walivyonunua kwa ajili ya habari. Na kabla ya magazeti kulikuwa na Alfu Lela Ulela, ambamo mke wa mfalme hukatisha hadithi alfajiri inapoingia ili aishi siku nyingine. Kukatisha penye utamu ni ufundi wa zamani na wa halali.

Msomaji naye awe na ufundi wake. Usifuatilie simulizi zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, maana utachanganya akina Jacqueline na akina Jasmine na mwisho utaziacha zote. Usisome sehemu moja moja kila inapoingia. Zihifadhi, ukae nazo Jumamosi au Jumapili, usome sehemu tano au sita kwa pamoja. Hapo ndipo utakapoona kama hadithi inasonga au inazunguka. Kila sehemu unayohifadhi hakikisha ina jina la mwandishi. Makundi mengine hufuta jina kabla ya kusambaza, na huo ni wizi. Zikiwa sehemu za mwisho zinauzwa kwa bei ndogo, lipa. Mwandishi aliyekupa sehemu 30 bure na kukuomba pesa za soda kwa ajili ya mwisho amekutendea haki.

Mahali watu wanapokwama

Katika hadithi iliyokatwa vipande, wengi hukwama kitabu cha pili. Sababu iko wazi. Cha kwanza kina ugeni, kila ukurasa unakuonyesha kitu kipya. Cha mwisho kina majibu. Cha pili ndicho kinachobeba mizigo: safari, matayarisho, watu kutengana. Kipe muda mzuri kuliko vingine. Kama una likizo moja mwaka huu, au mwezi wa Ramadhani una zile saa za baada ya Alasiri ambapo kazi zimepungua na futari haijawa tayari, soma kitabu cha pili wakati huo. Cha kwanza na cha tatu vitajisukuma vyenyewe hata kwenye daladala.

Kati ya vitabu viwili vikubwa pumzika, lakini pumzika kwa kusoma. Chukua kitabu chembamba cha namna nyingine kabisa: diwani ya mashairi, au tamthilia ya jioni moja. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi ni vyembamba na vinaonekana kufaa kwa kupumzikia, ila usidanganyike na unene wake. Ni vitabu viwili vinavyosomeka kama safari moja, na vinadai akili yote. Viweke kwenye orodha ya mifululizo yako, si kwenye mapumziko.

Jambo linalosaidia kuliko yote ni kuwa na mwenzako. Tafuta mtu mmoja, dada yako, jirani, mfanyakazi mwenzako, msome mfululizo mmoja, mmoja akiwa kitabu kimoja mbele. Anayemaliza anampa mwenziwe. Wekeni mwiko: aliye mbele hamwambii aliye nyuma nani amekufa, hata akibembelezwa. Nyumba zenye watoto wakubwa zinaweza kusoma kwa sauti, sura moja kila usiku baada ya chakula. Bwana Msa anafaa sana kwa hili, kwa sababu Abdulla anaandika Kiswahili cha barazani chenye majibizano ya kuchekesha, na watu watabishana nani mkosaji hadi taa zizimwe. Bibi aliyeacha kusoma kwa sababu ya macho ataingia kwenye ubishi huo kuliko wote.

Ukitaka kuacha

Kuacha kunaruhusiwa. Ila acha kitabu kikiwa kimefungwa, usiache katikati ya sura, maana kitabu kilichoachwa wazi hukusumbua na hukuzuia kuanza kingine. Jiulize swali moja tu: kuna mtu humu ambaye ningependa kujua mwisho wake? Kama yupo hata mmoja, endelea, hata kwa kurasa kumi kwa siku. Kama hayupo, umeshajua jibu. Katika mfululizo wa mhusika ukisoma vitabu viwili vya mikasa inayofanana na ukachoka, weka chini bila majuto. Joram Kiango atakungoja. Katika hadithi iliyokatwa vipande mpe mwandishi hadi mwisho wa cha pili. Akishindwa kukushika hapo, hana la kukudai.

Ukiacha, andika kwenye daftari umeishia wapi na kwa nini. Kisha vitoe vitabu vyote kwa pamoja, mpe mtu mmoja, usivigawe.

Na ukimaliza? Kitabu cha mwisho kisome polepole kuliko vyote, kikiwezekana mahali penye utulivu, simu ikiwa chumba kingine. Huna haja ya kukimbia, umeshafika. Ukishafunga, waambie watu. Mwandishi akiwa hai, mwandikie, maana wengi wa waandishi wetu hawajawahi kupokea barua ya msomaji aliyefika mwisho wa kazi yao. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991, Mtobwa mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Kwao barua zimechelewa, lakini kwa wachapishaji wenye haki za vitabu vyao hazijachelewa. Andika, taja jina la kitabu unachokitafuta, uliza lini kitachapwa tena. Na kama kabatini mwako kimo kitabu kimoja pweke cha Bwana Msa au Willy Gamba ambacho hutakirudia, mtafute anayekusanya vyote, umpe. Huenda hicho ndicho kilichobaki ili mtu amalize.